Mbegu Iliyovunja Jino

Nyuma ya fomu za malaria zilizopitwa na wakati
naandika mwaka 2170.
Mbele: jina, umri, kata, vimelea vipo au havipo.
Nyuma: Kibosho isiyo na baba hata mmoja.

Ndetaramo wa zamu ya usiku huniuliza,
"Dada Aikaruwa, haya unayatoa wapi? Sinema?"
Namwonyesha dirisha.
Moshi inakoga mvua ya Aprili, mlima umejifunika gubigubi,
na kando ya tangi la maji umesimama mgomba
ambao mlinzi anauita wake.
Nayatoa pale.

Mgomba ule haujui mbegu.
Wala mama yake hakuijua, wala bibi wa mama yake.
Kromosomu zake zimekaa tatutatu, kama mafiga;
mafiga hayagawanyiki kwa wawili,
basi ukazaliwa tasa, na utasa ndio utamu wake.
Hukatwa, ukachipua ubavuni.
Mkwe akampa mkaza mwana chipukizi,
naye akalibeba na udongo wake, Uru hadi Machame:
mgomba mmoja, uleule, umetembea kwa miguu ya wanawake
tangu reli haijafika.

Nikajiuliza: na kama ni sisi?

Kwa hiyo, mwaka 2170, hakuna harusi.
Mtu akitimiza thelathini huota kinundu chini ya mbavu,
hukikata, hukiatika kihambani,
hukinywesha maji ya mfereji,
na masika yakipita huamka mtoto
mwenye mwanya uleule, kigugumizi kilekile kwenye herufi r.
Mwalimu akiita jina, darasa zima husimama.
Asubuhi hughani:

   Mimi wewe, wewe mimi, sura moja, jina moja;
   hakuna asiye mimi, wala mgeni twangoja.

Baraza la ardhi limegeuzwa ghala la ulezi,
utamshtaki nani?
Isale linaota ovyo mipakani,
maana hakuna anayejiombea msamaha mwenyewe.
Ndetaramo akacheka, "Hapo ningehamia."

Subiri.

Jumatatu mmoja ananyauka, kuanzia nyayo,
ngozi ya njano, kisha kahawia, kisha anainama.
Ijumaa, kitongoji.
Ugonjwa uliojifunza kufungua mlango mmoja
umefungua yote; komeo lilikuwa lilelile.
Waliobaki wanatazama wanaokufa
na kila mmoja anaona mkao wake mwenyewe jeneza litakapokuja.

Ndipo mmoja wao, miaka kumi na mmoja, anapanda juu,
anapita mashamba, anapita ukungu,
anakuta mgomba-mwitu msituni, tunda dogo, bayabaya.
Njaa inamwambia ng'ata.
Ka!
Anatema kiganjani: damu, jino,
na kitu cheusi, kigumu kama kokoto.
Hana neno la kukiita.
Lugha yao ilishaliacha neno *mbegu* njiani.

Hapa nimekwama wiki tatu.

Nadhani najua kwa nini.
Siku ya ubatizo wangu shangazi walinigeuzageuza
kama kitenge cha mnada wa Kiboriloni wakitafuta kasoro:
pua si yetu, masikio si yetu,
"Huyu katoka wapi?"
Mama alinifunga mgongoni akaenda kupalilia kahawa.
Hakujibu siku hiyo, hajajibu hadi leo,
na mimi ninayesoma damu za watu kwa mshahara
sijawahi kuiweka yangu na ya baba kwenye kioo kimoja.
Kinasaba: neno lenyewe limemeza nasaba.
Wamelikuza chini ya hadubini
lakini shangazi ni walewale.

Saa tisa usiku. Kengele; mtoto wa Pasua, homa.
Natoboa kidole, tone linasimama, jekundu, 
halina habari na mtu.
Namaliza. Vimelea: havipo.
Nageuza fomu nyingine iliyochina:

*Akaifukia pale jino lilipodondokea.
Masika yalipopita kilichomea kikamtazama.
Hakikufanana naye.
Akaogopa. Kisha akakisogezea maji.*